Kuandaa Fuvu la Mbuzi kwa Watafiti wa Visukuku: Mwongozo Kamili kwa Walio Lamu

Mafuvu mengi ya mbuzi tunayoletewa sisi tunaochunguza visukuku, yaani mabaki ya wanyama wa kale yaliyogeuka jiwe, hayatumiki. Moja limechemshwa mpaka meno yamepasuka. Jingine limelowekwa kwenye dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, limegeuka chaki. La tatu ni zima na safi, lakini hakuna ajuaye mnyama alitoka wapi wala alikuwa na umri gani. Kila aliyeleta alijitahidi kwa moyo, na inauma kumwambia kwamba kazi ya mwezi mzima haiwezi kuingia kabatini.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, mwalimu au kijana yeyote wa Amu, Shela, Matondoni au Kipungani anayetaka kutengeneza fuvu litakalotumiwa kwa miaka mingi na kikundi cha chuo kikuu kinachochunguza visukuku vya mamalia. Shika mambo mawili tangu mwanzo. La kwanza, kazi hii hufanywa na maji na subira, si moto wala dawa kali. La pili, karatasi ya taarifa haiachani na mfupa hata siku moja.

## Kwa nini mbuzi, na nani atalitumia

Katika maeneo mengi ya visukuku Afrika, meno na mifupa ya jamii ya ng'ombe, mbuzi, swala na nyati ndiyo hupatikana kwa wingi kuliko ya wanyama wengine wakubwa. Gego lililogeuka jiwe likifika mezani, hatua ya kwanza ni kuliweka kando ya gego la mnyama tunayemjua. Fuvu la mbuzi wa Lamu, ambaye jinsia, umri na chakula chake vimeandikwa, lina thamani kubwa hapo.

Kikundi cha namna hii huwa na watu wa kazi tofauti. Yuko anayesoma meno. Yuko anayesoma umbo la mifupa. Yuko anayetafuta alama juu ya mfupa, atofautishe kisu cha binadamu na jino la fisi. Na yuko wa kemia, anayetoa chembe ya enameli, lile ganda gumu la nje la jino, ili ajue mnyama alikula nyasi au majani ya miti. Fuvu moja huwahudumia wote wanne, na kosa dogo linaweza kumnyima mmoja wao kazi yake yote. Ndiyo maana kila hatua hapa chini inaeleza sababu.

## Vifaa

- Kichwa kimoja cha mbuzi aliyekomaa, kizima
- Ndoo mbili za lita 20 zenye vifuniko vinavyobana
- Kipande cha chandarua cha kushona mfuko wenye kamba
- Chujio lenye matundu madogo, lile la kuchekechea unga
- Glavu za mpira, barakoa, na aproni au nguo kuukuu
- Kisu kidogo chenye makali, vijiti vya mianzi, miswaki miwili laini
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na klorini
- Maji matamu ya kutosha
- Daftari, penseli, vipande vya karatasi ngumu na mifuko ya plastiki yenye kufungika
- Wino mweusi usiofutika kwa maji, kalamu ya ncha nyembamba, na gundi ya Paraloid B-72 iliyoyeyushwa kwenye asetoni. Ikikosekana, tumia mng'arisho wa kucha usio na rangi

Neno kuhusu maji. Visima vingi vya Lamu vina maji ya chumvi chumvi, hasa kiangazi kikiwa kirefu. Hayo yanaweza kutumika kwenye kuloweka kwa mwanzo. Kwa suuza za mwisho tafuta maji ya mvua ya jabia au ya bomba yaliyo matamu. Sababu utaiona katika hatua ya 3.

## Hatua ya 1: Pata kichwa kinachofaa

Nenda machinjioni kabla mbuzi hajachinjwa. Kichwa kilicholala buchani mara nyingi kimeshababuliwa moto kuondoa manyoya, au kimepasuliwa kwa shoka kutoa ubongo. Vyote viwili vinaliharibu fuvu. Moto hubadili rangi ya mfupa kuwa kahawia, kisha nyeusi, na ukizidi, nyeupe. Anayesoma alama atauona kama mfupa uliotoka jikoni mwa watu wa kale.

Sema wazi unachotaka: "Assalamu alaykum, mjomba. Naomba kichwa kizima, kisibabuliwe wala kisipasuliwe. Ni cha masomo." Lipa bei yake bila kuvuta sana, maana utarudi.

Ukiwa hapo hapo, mwulize mwenye mbuzi na uandike: dume au jike, umri, amezaliwa wapi, amelelewa wapi, na alikula nini. Swali la mwisho ndilo husahauliwa na wengi. Mbuzi anayezurura mitaani Amu hula majani, lakini pia hula maganda ya mahindi na mabaki ya jikoni. Mahindi huacha katika meno alama ya kemikali inayofanana na ya nyasi za nchi za joto. Mtaalamu wa kemia asipoambiwa, atamweka mbuzi huyo katika kundi la walao nyasi.

Onyo. Usichukue kichwa cha mnyama aliyekutwa amekufa ghafla, hasa akitoka damu puani au mdomoni. Huenda ni kimeta. Usimguse, usimpasue, mwite daktari wa mifugo. Na mifupa ya wanyamapori, nguva na kasa wakiwemo, iache ilipo: Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kuimiliki bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Ipige picha na utoe taarifa.

Umefaulu ikiwa: una kichwa kisicho na alama ya moto wala shoka, taya la chini likiwa bado limeshikana nacho, na ukurasa mmoja wa daftari umejaa.

## Hatua ya 2: Ondoa nyama kubwa tu

Vaa glavu. Chuna ngozi, kata ulimi, toa macho na misuli minene ya mashavu. Kisha simama hapo.

Hapa ndipo wenye bidii wanapoharibu. Wanataka mfupa uwe mweupe siku hiyo hiyo, wanakwangua mpaka kisu kinalia. Kila mkwaruzo wa kisu unabaki milele, na yule anayetafuta alama za binadamu wa kale atashindwa kutumia fuvu lako kama kielelezo cha mfupa usioguswa. Acha nyama nyembamba, maji yataimaliza. Kisu kikipita karibu na mfupa, kilaze, usikisimamishe.

Ulimi usiutupe. Kwenye shina lake kuna mifupa midogo, myembamba, iliyoungana, inayoushikilia na koo. Ifunge pamoja na nyama yake ndani ya mfuko wa chandarua.

Ubongo utoe kupitia tundu kubwa la nyuma ya fuvu, pale uti wa mgongo ulipoingia. Ukoroge polepole kwa kijiti cha mwanzi, mimina maji, geuza, rudia. Puani usiingize kitu kabisa. Ndani yake mna mifupa myembamba kama karatasi iliyojikunja, na kijiti kimoja tu huisambaratisha yote.

Pembe ziache. Ganda la nje litachomoka lenyewe baadaye, libaki mfupa wa ndani.

## Hatua ya 3: Loweka

Tia kichwa na mfuko wa mifupa ya ulimi ndani ya mfuko mkubwa wa chandarua, funga kamba, zamisha ndani ya ndoo. Andika kwa penseli kipande cha karatasi ngumu chenye namba ya mnyama, kiweke ndani ya kijifuko cha plastiki, ukifunge kwenye mkono wa ndoo. Funika.

Kazi inafanywa na bakteria waliomo kwenye nyama yenyewe. Wanapenda joto, na hali ya hewa ya Lamu inawatosha mwaka mzima. Kwa hiyo usitie sabuni, usitie chumvi, usitie dawa yoyote. Utakuwa unawaua wafanyakazi wako. Ndoo nyeusi iliyopigwa na jua la asubuhi hufanya kazi haraka zaidi.

Baada ya siku tatu nne, mwaga nusu ya maji na ujaze mengine. Rudia kila baada ya siku chache. Usimwage yote, maana bakteria wataondoka nayo na kazi itaanza upya. Kichwa cha mbuzi kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi nne.

Kwa nini usichemshe? Moto huyeyusha mafuta na kuyasukuma ndani ya mfupa, ambako yatabaki na kuleta manjano na harufu kwa miaka. Kolajeni, ile nyuzi inayoushika mfupa pamoja, hugeuka gundi na kutoka. Enameli na sehemu ya ndani ya jino hutanuka kwa viwango tofauti, jino linapasuka. Anayesoma meno anapoteza kila kitu.

Kwa nini usitumbukize baharini? Wengi wa visiwani hufanya hivi: wanafunga kichwa kwenye wavu, wanakining'iniza gatini, samaki na kaa wamalize. Kweli nyama huisha. Lakini maji ya bahari huingia kwenye vijitundu vya mfupa, na mfupa ukikauka chumvi hugeuka fuwele, fuwele hutanuka, uso wa mfupa unabanduka magamba. Huo uso ndio tunaousoma. Juu ya hayo, kaa huondoka na meno ya mbele.

Kwa nini usizike mchangani? Vifupa vidogo hupotea, na mizizi huacha michirizi juu ya mfupa.

Mahali pa ndoo. Harufu ni kali, na nyumba za Amu zimebanana. Usiiweke darini wala uani mwa watu. Tafuta shamba, na uangalie upepo: wakati wa kusi weka ndoo kaskazini mwa makazi, wakati wa kaskazi iweke kusini. Iwe mbali na kisima, na jabia, na njia ya kwendea msikitini. Weka jiwe zito juu ya kifuniko. Paka wa Lamu hawahitaji kuelezwa, na kunguru wanajua kuinua kifuniko chepesi.

Umefaulu ikiwa: nyama inateleza kwa kuguswa na mswaki, ganda la pembe linachomoka kwa mkono bila kuvutwa kwa nguvu, na taya la chini limejitenga lenyewe.

## Hatua ya 4: Chuja na uhesabu meno

Hatua hii ndiyo tunayoililia zaidi. Fuvu linafika limetakata, lakini meno ya mbele yote yamemwagwa pamoja na maji.

Chimba shimo shambani. Mimina maji ya ndoo polepole kupitia chujio, yaingie shimoni, si kwenye mfereji wa mtaani. Kila kilichobaki kwenye chujio kitandaze juu ya kitambaa cheupe, ukitafute kwa vidole na kibano. Fungua mfuko wa chandarua juu ya beseni, kamwe si juu ya nyasi.

Sasa hesabu. Mbuzi aliyekomaa ana meno 32. Juu mbele hana kitu. Pale pana ufizi mgumu tu, kwa hiyo usihangaike kutafuta. Juu kuna magego 6 kila upande, jumla 12. Chini mbele kuna meno 8, na magego 6 kila upande, jumla 20.

Yale 8 ya mbele ndiyo huanguka, kwa kuwa mizizi yake ni mifupi. Yakitoka, yapange kwa mfuatano wake na uyatie kwenye kijifuko chenye namba. Usiyarudishe kwa gundi ya dukani ile inayokauka mara moja. Gundi hiyo haitoki tena, na mwenye kupima mzizi wa jino hatauona.

Idadi ikipungua 32, usikate tamaa haraka. Huenda mnyama ni mdogo kuliko ulivyoambiwa: gego la mwisho hutokeza mbuzi akikaribia miaka miwili. Angalia nyuma ya taya. Ukiona tundu lenye jino linalochungulia, andika hivyo hivyo daftarini. Hiyo ni taarifa nzuri mno, maana umri wa mnyama wa kisukuku nao tunausoma kwa kuota na kulika kwa meno.

Onyo. Maji haya yana vijidudu vinavyoweza kukuumiza. Mwenye jeraha mkononi asiyaguse, na kila afanyaye kazi hii awe amechanjwa pepopunda. Oga kwa sabuni, badili nguo, na ndoo hizo zisirudi tena jikoni.

## Hatua ya 5: Toa mafuta

Mfupa umeshakuwa safi kwa macho, na hapa wengi hudhani wamemaliza. Bado. Mafuta yaliyomo ndani yatatokeza baada ya miezi, yataita mende na sisimizi, na yatazuia wino kushika.

Jaza ndoo ya pili maji matamu ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unayavumilia bila shida, utie sabuni ya vyombo kiasi cha vijiko vichache. Zamisha fuvu. Maji yakigeuka mawingu au yakitanda mafuta juu, mwaga, tia mengine. Endelea mpaka maji yabaki maangavu siku mbili mfululizo. Kisha suuza kwa maji matamu, mara tatu au zaidi, mpaka pasiwe na povu.

Je, ulifanye jeupe? Ushauri wangu ni usifanye. Rangi ya krimu ndiyo rangi ya mfupa, na mtaalamu wa kemia anapendelea jino ambalo halijaguswa na dawa. Shule ikitaka fuvu la maonyesho, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa inatosha kwa siku moja, ndani ya chombo kisichofungwa kabisa kwa kuwa hutoa gesi. Klorini usiitumie kwa lolote. Hula kolajeni, na hata baada ya kusuuza huendelea kula, mpaka mfupa unapukutika ukiushika.

## Hatua ya 6: Kausha kivulini

Weka juu ya wavu, ndani ya chumba chenye hewa, wiki moja hadi mbili. Wakati wa mvua za masika subiri zaidi.

Jua la Lamu ni adui hapa. Mwaka 1978 Anna K. Behrensmeyer, akitumia mifupa iliyolala katika mbuga ya Amboseli, alipanga ngazi za kuchakaa kwa mfupa, kuanzia 0 hadi 5. Ufa mwembamba unaofuata nyuzi za mfupa ndio alama ya ngazi ya 1. Fuvu lililoanikwa juu ya dari mchana kutwa linaweza kupata nyufa, na likifika kwetu haliwezi tena kuwa kielelezo cha ngazi 0.

Umefaulu ikiwa: fuvu ni jepesi, halina harufu, halina madoa meusi ya mafuta, na magego hayana ufa mpya.

## Hatua ya 7: Andika namba juu ya mfupa

Mwaka 2019 Matthew Borths na Nancy Stevens walimtangaza Simbakubwa kutokaafrika, mla nyama mkubwa sana aliyeishi takriban miaka milioni 22 iliyopita. Taya lake lilikuwa limechimbwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, miongo kadhaa kabla, likahifadhiwa katika droo ya makumbusho ya Nairobi. Lilipopata macho ya kulitambua, mahali lilipotoka palikuwa panajulikana. Bila taarifa hiyo lingekuwa jino kubwa la kushangaza, basi.

Fanya hivi kwa fuvu, kwa kila nusu ya taya, na kwa kila kipande kilichojitenga:

1. Chagua sehemu tambarare, pana, isiyo kiungo wala jino wala mshono wa fuvu.
2. Paka tone dogo la Paraloid. Acha likauke. Tabaka hili huzuia wino usinywewe na mfupa.
3. Andika namba kwa wino, herufi ndogo zinazosomeka: kifupisho cha mahali, mwaka, namba ya mnyama.
4. Ukikauka, paka tone jingine juu.

Asetoni hushika moto na mvuke wake huumiza kichwa, kwa hiyo fungua madirisha na weka mbali jiko.

Namba hiyo hiyo iandike kwenye daftari, kwenye kila kijifuko, na ndani ya sanduku. Ukurasa wa daftari uwe na: namba, aina ya mnyama, jinsia, umri na aliyeusema, mahali alipolelewa, chakula, tarehe ya kuchinjwa, jina la aliyeandaa, na dawa yoyote iliyogusa mfupa. Hata sabuni iandike. Mwenye mbuzi mpe nafasi ya kuchagua kama jina lake liingie au lisiingie.

## Ukitaka kuendelea na punda

Baada ya mbuzi mmoja kufaulu, kielelezo kinachofuata kwa Lamu ni punda, na tunamhitaji kweli. Meno yake marefu ya kusagia nyasi hutusaidia kusoma yale ya Hipparioni, farasi wa kale wa vidole vitatu ambaye visukuku vyake vimepatikana Lothagam, karibu na Ziwa Turkana.

Kazi ni ile ile ila mambo manne hubadilika. Huyu hachinjwi kwa ajili yako, kwa hiyo subiri aliyekufa kwa uzee au ajali, upate ruhusa ya mwenyewe, na daktari wa mifugo aseme kwanza chanzo cha kifo. Kwa kuwa ni mzoga, chagua mahali mbali zaidi na watu na vyombo vyako viwe vya kazi hiyo tu, asije mtu akapata najisi bila kujua. Pipa la lita 100 linahitajika. Na muda huwa mara mbili au zaidi, hasa hatua ya mafuta.

Chonge zikiwepo na zikiwa kubwa, karibu kila mara ni dume. Mwulize mwenye punda hata hivyo, na uandike alilosema.

Ukikuta jino au mfupa uliogeuka jiwe, iwe Manda, bara upande wa Mokowe au kwingineko, mwongozo huu haukuhusu. Usichimbe wala usioshe. Piga picha ukiwa umeweka rula kando, andika mahali, kisha peleka taarifa Makumbusho ya Lamu. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inataka ugunduzi wa namna hiyo utolewe taarifa, na kuchimba kunahitaji leseni.